Edwin Armstrong: Alishinda radi, mawakili wakamlemea

KARIBU kila alasiri ya msimu wa mvua, mawingu hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria na kujikusanya juu ya vilima vya Kericho. Kwa mkulima wa majani chai wa Kapsoit, hiyo ni ishara ya mambo mawili: mvua ambayo michai inaihitaji, na mawe ya barafu ambayo huchana majani machanga kabla mchumaji hajayafikia. Kwa aliyekuwa na redio ya valvu katika miaka ya hamsini, ilikuwa pia ishara ya jambo la tatu. Taarifa ya habari ya jioni ingesikika kwa shida, kama ingesikika.

Bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mvua ya mawe nayo imewatia hasara wenye mashamba ya Kericho na Nandi kiasi kwamba, mwishoni mwa miaka ya sitini, ndege zilitumwa kurusha kemikali mawinguni ili kuipunguza makali. Lakini hakukuwa na ndege ya kuondoa mikwaruzo redioni. Radi inapopiga huzaa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo huingia katika antena ile ile inayopokea sauti ya mtangazaji. Redio ya masafa ya kati haikuwa na namna ya kubagua kati ya sauti ya binadamu na ghadhabu ya mbingu.

Wahandisi wengi wa enzi hizo waliamini kwamba tatizo hilo halina dawa. Aliyekataa kuamini hivyo alikuwa Mmarekani mrefu, mwenye upara na usemi wa polepole, ambaye vifaa vyake vingalimo ndani ya takriban kila redio inayouzwa madukani, ingawa jina lake halijulikani kwa wengi wanaoisikiliza.

Edwin Howard Armstrong alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 18, 1890. Babake, John, alifanya kazi katika tawi la Marekani la shirika la uchapishaji la Oxford University Press, naye mamake, Emily, alikuwa amepata kuwa mwalimu. Akiwa na umri wa miaka minane aliugua homa iliyomdhuru neva. Alikaa nyumbani miaka miwili bila kwenda shule, na ugonjwa huo ukamwachia kasoro aliyoishi nayo hadi kufa: bega na taya vilimchezacheza kila alipohangaika moyoni. Asiyemjua angemdhania kuwa mtu mwoga. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Familia ilihamia Yonkers, mji ulio kando ya mto Hudson, kaskazini mwa New York. Huko kijana alisoma habari za wavumbuzi na kuvutiwa na Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyetuma ishara bila waya kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1901. Akasimamisha uani mwao mlingoti wa futi 125, akawa anavutwa juu yake kwa kiti cha kamba huku majirani wakitazama kwa hofu. Mapenzi ya kupanda mahali pa juu hayakumtoka tena.

Mwaka 1909 alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme. Wahadhiri kadhaa walimwona mkaidi, maana hakukubali jambo kwa sababu tu limeandikwa kitabuni. Mmoja aliyemlinda alikuwa Profesa Michael Pupin, mhamiaji kutoka Serbia ambaye mwenyewe alikuwa mvumbuzi mashuhuri.

Wakati huo valvu ilikuwa kitu kipya. Mmarekani mwingine, Lee de Forest, alikuwa ameiunda mwaka 1906 ile yenye ncha tatu aliyoiita Audion. Kwa umbo ilifanana na balbu ndogo ya taa, na ilikuza ishara kidogo tu. De Forest hakuwahi kueleza vyema ilivyofanya kazi. Armstrong aliamua kuipima hatua kwa hatua, na mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, akagundua kwamba sehemu ya umeme unaotoka kwenye valvu ikirudishwa mlangoni mwake, hukuzwa tena, na tena, hadi ishara hafifu mno isikike chumba kizima.

Yeyote aliyehudhuria harambee na kusikia kipaza sauti kikipiga yowe kwa kuwekwa karibu na spika anaujua mrejesho huo. Armstrong aliushika mahali palipo kabla tu ya yowe. Kisha akaona kwamba ukiuacha upite mpaka huo, valvu yenyewe huanza kuzalisha mawimbi. Kwa maneno mengine, alikuwa amepata kwa pamoja kifaa cha kupokea na kifaa cha kurusha matangazo, akiwa na umri wa miaka 21.

Hapa ndipo masaibu yake yalipoanzia. Alihitaji pesa za kuomba hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi. Babake alikataa kutoa hata senti hadi kijana amalize masomo. Kwa ushauri wa mjombake, Armstrong alipeleka mchoro wake kwa mthibitishaji wa hati ukapigwa muhuri Januari 31, 1913. Ombi lenyewe hakuliwasilisha hadi Oktoba mwaka huo. Baadaye de Forest alijitokeza na kudai kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameuona mrejesho kwanza, mwaka 1912. Kesi iliyofuata ilidumu karibu miaka 20.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka na Marekani kuingia, Armstrong alipelekwa Paris akiwa afisa wa mawasiliano wa jeshi, na akapanda hadi cheo cha meja. Alikuwa akiwaza jinsi ya kunasa mawimbi ya kasi ambayo valvu za siku hizo hazikuweza kuyakuza. Badala ya kushindana na kasi hiyo, aliiteremsha. Ndani ya redio alizalisha wimbi la pili, akalichanganya na lile lililoingia, na tofauti ya hayo mawili ikawa wimbi la chini lisilobadilika, ambalo valvu zingelikuza kwa urahisi. Mtambo huo wa mwaka 1918, uliotumia valvu nane, uliitwa superheterodaini. Ni huo ambao, kwa namna moja au nyingine, umekuwa ndani ya redio na runinga za dunia nzima tangu hapo.

Superheterodaini ilileta pia jambo ambalo wapenzi wa redio za kale hawajalisahau. Kabla yake, mwenye redio alilazimika kufunga waya mrefu kutoka paa hadi mtini, pamoja na waya mwingine wa kuzika ardhini. Waya kama huo hupokea kila kitu: stesheni, mashine za jirani, na radi iliyo mamia ya kilomita mbali. Tena katika nchi ya radi, waya mrefu juu ya mti ni mwaliko wa hatari.

Antena ya fremu ni kitu kingine. Ni fremu ya mbao iliyozungushiwa waya mara kadhaa, na kapasita ya kuizungusha hadi ilingane na stesheni. Hupokea vyema kutoka pande mbili na kuziba masikio kwa pande nyingine mbili. Ukiielekeza vizuri, stesheni hubaki na makelele ya upande hupungua. Kasoro yake ni kwamba inachokipokea ni kidogo sana, sehemu ndogo tu ya kile cha waya mrefu. Bila valvu za kuongeza nguvu, fremu ni pambo la ukutani.

Nguvu hiyo ndiyo superheterodaini iliyokuwa nayo. Mwaka 1924 kampuni ya RCA ilianza kuuza redio za Radiola za aina hiyo, na mojawapo ilikuwa na valvu sita na fremu iliyofichwa ndani ya sanduku lenyewe. Mnunuzi aliiweka mezani, akaiwasha, basi. Baadaye, katika miaka ya hamsini, wafanyabiashara wa Ufaransa waliliendeleza wazo hilo kwa njia yao. Miji yao ilikuwa imejaa mota na taa zilizoharibu usikivu, nao wakaunda fremu za kusimama juu ya redio, zikiwa na valvu ya kukuza ndani yake na umeme ukitoka kwenye redio iyo hiyo. Nyingi zilipambwa mfano wa fremu za picha, baadhi zikiwa na sura za waigizaji wa sinema. Mgeni aliyeingia sebuleni asingejua kwamba mrembo yule anayetabasamu ni antena.

Hata hivyo, fremu ina mipaka. Inaweza kuipa kisogo radi iliyo upande mmoja, tuseme juu ya ziwa, ilhali stesheni iko upande wa Nairobi. Tufani ikitanda juu ya Kericho, radi hutoka pande zote, na hakuna pa kugeukia.

Mnamo Desemba 1, 1923, Armstrong alimwoa Marion MacInnis, katibu wa David Sarnoff, kigogo wa RCA. Uchumba wenyewe haukuwa wa kawaida. Siku moja ya mwaka huo alipanda mnara wa antena wa RCA uliokuwa juu ya jengo katikati ya New York, akasimama kileleni na kupigwa picha, kisha akazituma picha hizo kwa Marion. Sarnoff alikasirika, akampiga marufuku kukanyaga hapo. Zawadi ya arusi aliyompa mkewe ilikuwa redio ya superheterodaini ya kubebwa mkononi kama sanduku la safari, ya kwanza ya aina yake. Kuna picha yao maarufu wakiwa wameketi nayo kwenye mchanga wa pwani huko Florida.

Kufikia hapo alikuwa tajiri. Mwaka 1920 aliuza hataza zake mbili kwa kampuni ya Westinghouse kwa dola 335,000. Miaka miwili baadaye RCA ilinunua uvumbuzi wake mwingine kwa pesa pamoja na hisa nyingi, hata akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi zaidi katika kampuni hiyo. Angeweza kustarehe. Badala yake alirudi maabarani Columbia, ambako alifundisha kwa miaka mingi bila kuhitaji mshahara.

Kesi ya de Forest ilimwuma kuliko alivyokiri. Alishinda mara ya kwanza, kisha upepo ukageuka, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa mara ya mwisho kwamba mrejesho ulikuwa mali ya de Forest. Wahandisi walioisoma hukumu hiyo walishangaa, kwa kuwa maelezo yake ya kiufundi yalikuwa na makosa ya wazi. Majaji walikuwa wamepima maneno ya hati, si umeme. Mwaka huo huo Armstrong alikwenda katika mkutano wa taasisi ya wahandisi wa redio kurudisha nishani waliyomtunuku kwa uvumbuzi ule ule. Taasisi ilikataa kuipokea, na ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Yalikuwa machozi na fahari kwa pamoja, ingawa makofi hayafuti hukumu.

Lakini kufikia wakati huo alikuwa tayari na jambo jingine mkononi. Sarnoff alikuwa amewahi kueleza hamu yake ya kifaa kitakachoondoa mikwaruzo ya radi redioni. Alidhani angeletewa kisanduku kidogo cha kuongeza. Armstrong alimletea redio mpya kabisa.

Wazo lake linaelezeka hivi. Redio ya kawaida hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha ukubwa wa wimbi, na radi nayo huvuruga ukubwa huo huo. Armstrong aliuacha ukubwa utulie, akabeba sauti kwa kubadilisha kasi ya mtetemo wa wimbi. Redio inayopokea hukata kila kinachozidi kimo, na mikwaruzo ya radi huenda pamoja na kilichokatwa. Mtaalamu wa hesabu John Carson alikuwa ameandika mwaka 1922 kwamba mbinu ya namna hiyo haina faida, na kwa mkondo mwembamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Armstrong alifanya kinyume: aliupanua mkondo hadi mara 20 ya ule wa redio ya kawaida. Hapo kelele zikatoweka. Alipewa hataza Desemba 26, 1933. Dunia inaujua mfumo huo kwa herufi mbili, FM.

Mwaka 1934 RCA ilimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State. Mpokeaji wake aliwekwa Long Island, kisha mbali zaidi katika jimbo la New Jersey. Katika tufani iliyofanya redio za kawaida zitoe milio ya kukaanga mafuta, yake ilitoa muziki safi. Mwaka uliofuata RCA ilimtaka aondoe vifaa vyake, kwa sababu nafasi ilihitajiwa kwa majaribio ya runinga. Kampuni haikuwa na haraka ya kuona mitambo yake yote na mamilioni ya redio ilizouza yakigeuka kuwa vyuma chakavu.

Armstrong hakungoja. Novemba 5, 1935, mbele ya wahandisi wenzake, aliwasikilizisha matangazo kutoka Yonkers: maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikikunjwa. Watu waliozoea redio ya mikwaruzo hawakuwahi kusikia ukimya wa aina ile nyuma ya sauti. Kisha akajenga kwa pesa zake mwenyewe mnara wenye mikono mitatu huko Alpine, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, ukaanza kutangaza kwa nguvu kamili mwaka 1939. Mwaka 1940 RCA ilimpa dola milioni moja ili itumie uvumbuzi wake bila malipo mengine. Alikataa, kwa hoja kwamba kampuni ndogo zilikuwa zikilipa asilimia ya mauzo, na haikuwa haki kubwa kulipa kwa masharti laini kuliko ndogo. Wako watakaouona huo kuwa ukaidi. Ulikuwa pia uadilifu, na kwa mtu huyu vitu hivyo viwili havikutenganika.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliliachia jeshi la nchi yake hataza zake bila malipo. Mwaka 1945, vita vikielekea ukingoni, tume ya mawasiliano ya Marekani iliihamisha FM kutoka masafa yake ya awali hadi yale ya megahazi 88 hadi 108. Redio zote za FM zilizokuwa zimenunuliwa zikawa hazina kazi, na stesheni zikalazimika kuanza upya. Lililokuwa pigo kwa Armstrong ndilo lililozaa namba zinazosomwa leo kwenye kila redio ya matatu.

Kenya ilikuwa na matangazo ya redio tangu 1928, mwanzoni kwa ajili ya walowezi. Lugha za Kiafrika zilipata nafasi wakati wa Vita vya Pili, jamaa za askari walipohitaji habari. Mashambani wengi walifahamu zaidi gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi Kapkatet, katika nchi hiyo hiyo ya Wakipsigis, wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha, jina lililotokana na la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Redio ya kawaida ya masafa ya kati na ya masafa mafupi ndiyo iliyotawala kwa miongo, na FM haikushamiri hadi stesheni za kibinafsi ziliporuhusiwa, Capital FM ikianza Nairobi mwaka 1996. Kisha zikaja za lugha za kiasili, zikiwemo Kass FM na Chamgei FM zinazotangaza kwa Kikalenjin. Radi ya alasiri haikuwa tena mhariri wa habari. Ila FM nayo ina udhaifu wake: husafiri kwa mstari ulionyooka, na anayeishi bondeni nyuma ya kilima hupata sauti dhaifu ilhali jirani yake wa juu husikia kila neno.

Mnamo Julai 1948 Armstrong alizishtaki RCA na NBC kwa kutumia FM bila kumlipa. Mawakili wa upande wa pili walijua kwamba hataza zake za mwanzo zingekwisha muda mwaka 1950 na kwamba mfuko wake ulikuwa ukikauka, hivyo hawakuwa na sababu ya kuharakisha. Alihojiwa siku baada ya siku kwa karibu mwaka mzima, kuhusu mambo aliyoyafanya miaka 15 awali. Sarnoff, rafiki wa zamani aliyewahi kunywa kahawa nyumbani kwa mamake Yonkers, alishikilia kwamba kampuni yake ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kuikuza FM. Tangu siku hiyo uadui ukawa wa nafsi.

Kufikia 1953 alikuwa ametumia karibu mali yake yote. Novemba mwaka huo aligombana na Marion kuhusu pesa walizoweka kwa ajili ya uzee, akampiga mkononi kwa chuma cha kuchochea moto. Mkewe akaondoka, akaenda kukaa na dadake Connecticut. Ndoa ya miaka 30 isiyo na mtoto, iliyoanza juu ya mnara, ilikuwa imefika hapo. Usiku wa Januari 31, 1954, miaka 41 kamili tangu muhuri upigwe kwenye mchoro wake wa kwanza, Armstrong alimwandikia Marion barua ya kumwomba radhi, akajitoa uhai nyumbani kwake New York. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Mjane huyo, ambaye wakati mmoja alikuwa akipiga taipu barua za Sarnoff, alichukua kesi mahali mumewe alipoiacha. Kabla ya mwaka 1954 kwisha RCA ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni moja. Aliendelea na kampuni nyingine moja baada ya nyingine, baadhi zikilipa nje ya mahakama, nyingine zikipigana. Ya mwisho, Motorola, ilishindwa mwaka 1967. Hakuna kesi aliyopoteza. Marion alifariki mwaka 1979. Mnara wa Alpine ungali umesimama, na Septemba 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka pamoja na antena zilizokuwa juu yake, stesheni kadhaa za runinga za New York zilihamia huko ili zirudi hewani.